Pini Isiyokunjika

Ukifika Naro Moru ukamuulizia Kingori wa Wamae, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuambia kwamba huyo ni mtu wa kupiga watu. Ni kweli. Alimpiga fundi wa baiskeli kwa sababu tu alimcheka. Alimpiga shemeji yake siku ya kupeleka mahari, mbele ya wazee, na bakuli la mchuzi likaenda naye chini. Mimi alinipiga mara tatu katika miaka kumi na moja, na zote tatu nakumbuka nilikuwa nimevaa nguo gani. Lakini wanaokusimulia hayo wanalala kwenye nyumba za mawe yaliyokatwa kwa patasi zake, na hilo hawalisemi. Linanikera. Mtu akisimuliwa, asimuliwe mzima.

Mimi ni Wakiuru. Kazi yangu ilikuwa kumpigia Kingori nyundo. Mhunzi hawezi kufua chuma kinene peke yake. Mkono mmoja anashika chuma chekundu kwa koleo, mkono wa pili anagonga kwa nyundo ndogo mahali anapotaka, na mtu mwingine anashusha nyundo kubwa papo hapo. Huyo mtu mwingine ni mimi. Siku ya kwanza nilikuwa nimekwenda kumuuzia makaa. Asubuhi hiyo mpigaji wake alikuwa ametoka na mdomo umevimba, akiapa hatarudi. Kingori aliniangalia mikono wala hakuniangalia uso.

"Mama Munene," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "hiyo gunia umebeba peke yako kutoka barabarani?"

"Kwani unaona kama kuna punda hapa?"

Akanipa nyundo ya ratili kumi na nne. Wanaume wa soko walinicheka wiki nzima. Wiki ya pili wakachoka, maana mimi sikuchoka.

Tulikuwa tunafua patasi za wachonga mawe. Patasi ina siri moja tu, na siri hiyo ni rangi. Ukichoma chuma cha springi ya gari kikawa chekundu, ukakitumbukiza majini, kinakuwa kigumu kupita kiasi. Ukikisugua kwa tupa, tupa inateleza, haikiumi hata kidogo. Lakini ugumu huo ni wa glasi. Kipige vizuri na kitavunjika. Kwa hiyo mhunzi anatumbukiza ncha peke yake, anaitoa upesi, anaisugua kwenye jiwe, halafu anangoja. Joto lililobaki kwenye mwili wa patasi linarudi polepole kuelekea kwenye ncha, na linakuja na rangi: kwanza manjano ya majani makavu, halafu zambarau, halafu buluu. Ikifika ile ya majani makavu, anaizima majini. Hapo ncha itakata jiwe na mwili utavumilia nyundo.

Hakuna mtu kati ya Nyeri na Nanyuki aliyeiona rangi hiyo kama Kingori. Na patasi ikirudishwa ikiwa imevunjika, alinionyesha pale ilipovunjikia. Ikiwa kijivu, kosa ni la mchongaji. Ikiwa nyeupe, ya punje punje kama sukari, kosa ni letu, na siku hiyo hakuna aliyemsogelea.

Alifundishwa kazi na babake, Wamae. Wamae alikuwa akiacha chuma kipoteze wekundu wake, kikae cheusi kana kwamba kimepoa, halafu anamwambia mwanawe, "Shika." Kingori alikuwa na miaka tisa aliposhika mara ya kwanza. Alishika mara nne kabla hajajifunza kukisogezea nyuma ya mkono kwanza asikilize joto. Kiganja chake cha kushoto hakikunjuki sawasawa hadi leo. Alinisimulia hayo huku akicheka, akisema mzee alikuwa mwalimu mzuri. Mimi sikucheka. Nilitamani Wamae awe hai nimwambie ashike yeye.

Mkewe, Njoki, alirudi kwao Kiriaini na jino moja mkononi. Alimwacha binti yao, Watiri, kwa sababu msichana alikataa kuondoka. Watiri alibeba jina la mamake Kingori, kama ilivyo desturi yetu, na kwa hiyo babake alimwita Maitu, yaani mama yangu. Alikulia karakanani kati ya makaa na ndoo ya maji. Ukimwona Kingori akimwita Maitu, sauti inashuka mpaka unashangaa imetoka wapi. Huyo msichana ndiye aliyekuwa na thamani katika maisha yake, na mtu asikuambie kitu kingine.

Basi mwaka jana, mwezi wa pili, Mwai alileta mashua.

Mwai alikuwa ofisa wa serikali, akastaafu, akajenga nyumba ya wageni kando ya bwawa moja juu ya mji, kwenye shamba la zamani. Mahali penyewe ni pazuri: mlima uko mbele yako mzima mzima. Lakini wageni walikuwa wanakuja, wanapiga picha, wanaondoka. Mwai akaona dawa ni mashua ya tanga. Akapata moja kuukuu huko Naivasha, ya watu watatu, akaileta kwa pikapu hadi mlangoni petu. Mji mzima ulikuja kuitazama. Sisi tumezoea wageni wa kupanda juu, hawa wa kuelea walikuwa wapya.

Mashua yenyewe ilikuwa mwili mtupu. Mlingoti ulikuwepo, tanga lilikuwepo, lakini vyuma vyote vilikuwa vimeliwa na kutu au vimeng'olewa. Mlingoti wa mashua hausimami wenyewe. Unashikwa na waya tatu, moja mbele na mbili ubavuni, na kila waya inafungwa chini kwenye kipande cha chuma kilichokazwa kwenye mwili wa mashua. Kinachounganisha waya na chuma hicho ni pini moja, nene kama kidole cha mtoto. Pini ikitoka, waya inatoka, na mlingoti unaanguka na tanga lake.

"Nataka kitu strong, Kingori," Mwai akasema.

"Itakuwa ngumu," Kingori akajibu.

Huku kwetu neno hilo moja linafanya kazi nyingi. Kisichovunjika ni ngumu. Kisichokunjika ni ngumu. Hesabu ni ngumu, mtu ni ngumu, maisha ni ngumu. Wote wawili waliridhika, na nina hakika kila mmoja alielewa lake.

Mtu pekee aliyejua tanga Naro Moru nzima alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, Madam Adhis. Kwao ni Mbita, kando ya ziwa, na babake alikuwa na mashua ya kubeba samaki. Alikuwa amemfundisha Watiri shuleni, na Mwai alipomwomba aje Jumamosi kuendesha mashua, alisema anahitaji msaidizi, akamtaja Watiri. Kingori alivimba kwa fahari. Akaniambia, "Maitu ataendesha meli." Ile mashua ilikuwa na urefu wa mikono minane.

Nitakuwa mkweli: mwanzoni Kingori alimsikiliza Madam Adhis vizuri kuliko alivyowahi kumsikiliza mtu yeyote. Alikata vibati vya ubavuni, vile vya kufungia waya, kutoka springi ya lori, akavitoboa, akataka kuvikaza kwa bolti mbili mbili basi. Madam akamwambia bolti zitachomoka na kuacha tundu, kwa kuwa mwili wa mashua ni mwembamba. Aweke bati pana upande wa ndani. Kingori akafikiri, akasema, "Kama kofia ya msumari wa mabati." Akaweka. Usukani akautengenezea bawaba za lango, akazipunguza kwa tupa hadi zikacheza bila kelele. Ilikuwa kazi nzuri. Tulifua wiki mbili na hakumpiga mtu.

Pini akazikata kutoka nondo laini ya kawaida.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda bwawani wote. Wachonga mawe walikuja pia, maana machimbo hayako mbali. Madam na Watiri walivaa jaketi za kuelea, wakasukuma, tanga likajaa, na kile kitu kikaenda kama kimeitwa. Watu walipiga makofi. Halafu upepo wa mchana ukashuka kutoka mlimani, ule wa ghafla, ukalipiga tanga kofi. Mashua ikalala upande, ikasimama tena, na Madam akateremsha tanga akarudi polepole. Pini ya upande wa kulia ilikuwa imekunjika. Haikuwa imevunjika. Ilikuwa imejipinda kama kidole kinachoita mtu.

Madam Adhis alifurahi, nakuapia. Aliinua pini juu ili Kingori aione.

"Baba Watiri, hii ni nzuri sana! Imekunjika, imetuambia mapema. Babangu alikuwa anataka chuma ya namna hii. Ongeza unene tu, chuma iwe ile ile."

Lakini Kingori hakusikia neno hata moja baada ya "imekunjika". Kwa mfua patasi hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Patasi iliyokunjika unarushiwa usoni. Na nyuma yake wachonga mawe walikuwa wameshaanza.

"Kingori!" akaita mmoja wao, Khisa, jitu la watu kutoka Kitale, mtani wetu wa siku zote. "Siku hizi unatengeneza tambi? Tuletee na mchuzi!"

Kingori aliokota kasia. Alimpiga nalo usoni kwa upande, na pua ya Khisa ikalia kama kijiti kinapokanyagwa. Khisa alipoinama, akampiga tena mgongoni, na alipoanguka akampiga teke. Damu ilikuwa kwenye nyasi, kwenye viatu, kwenye suruali ya Mwai. Ilichukua watu wanne kumshika. Watiri alikuwa amesimama kwenye maji, bado ameshika kamba ya mashua, na alikuwa akiangalia ng'ambo, ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia.

Jumatatu Kingori hakufua patasi. Alichukua koili ya gari, ile springi ya kuzunguka, akainyoosha, na tukakata pini tatu mpya. Hakuongeza unene hata kidogo. Tulifua bila maneno. Nyundo yake ndogo ilikuwa inagonga kwa hasira, inaniita kabla sijainua yangu. Pini zilipokuwa tayari akazichoma zote tatu mpaka zikawa nyekundu hadi katikati, akazitumbukiza mzima mzima kwenye ndoo ya maji ya mto, yale yanayotoka kwenye barafu. Maji yakapiga kelele. Akazitoa, akazifuta kwa gunia, akaziweka juu ya fuawe.

Na hapo hapo akazima moto.

Hakungoja rangi. Hakuzirudisha kwenye joto hata kidogo. Zilikuwa kioo, zote tatu, kutoka ncha hadi ncha. Nilijua. Mtoto wa miaka mitano aliyelala karakanani mwetu wiki moja angejua.

Nikafungua mdomo. Kingori akageuka. Alikuwa ameshika koleo, na macho yake yalikuwa bado yako bwawani kwa Khisa.

"Unasemaje?"

"Sijasema kitu," nikasema.

Sitajitetea. Niliogopa, ndiyo, lakini haikuwa hofu peke yake. Kulikuwa na kaubaya fulani ndani yangu kalikosema: wacha zivunjike. Wacha Jumamosi zivunjike mbele ya watu, aaibike, ajue na yeye ni binadamu. Akilini nilimwona Kingori akiaibika. Sikumwona aliyekaa chini ya mlingoti.

Saa nne Watiri akaleta chai. Aliweka thamosi chini, akachukua tupa, akaisugua kwenye ncha ya pini moja kama alivyozoea kucheza na vyuma vya babake tangu utotoni. Tupa ikateleza. Akaisugua kwenye ncha ya pili, ikateleza.

"Unaona?" Kingori akamwuliza. "Hiyo itakunjika?"

"Haiwezi, Dad," Watiri akasema. "Iko poa."

Akamwaga chai kwenye vikombe, akaondoka.

Ili kumaliza maneno, Kingori alipitisha pini kwenye mnyororo, akauning'iniza kwenye boriti ya karakana, akafunga magunia sita ya viazi. Yakakaa hapo tangu mchana mpaka jioni na pini haikuhama. Akamwita Madam Adhis aje ajionee. Madam alizunguka yale magunia, ameweka mikono nyuma.

"Gunia linavuta polepole, Baba Watiri. Upepo unapiga. Hii ni chuma ile ile ya kwanza?"

"Ni nzuri kuliko ile."

"Na mbona unene ni ule ule?"

"Madam, wewe rudi darasani. Mimi sijawahi kukuja kukusahihishia vitabu."

Madam alikuwa na haki ya kusisitiza na hakusisitiza, kwa sababu magunia sita yalikuwa yananing'inia mbele ya macho yake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Ningesema maneno mawili tu, "hajarudisha rangi", na asingejua maana yake lakini angeuliza. Nilikwenda kuzoa majivu.

Jumamosi hiyo Mwai alikuwa na wageni wengi, kundi la harusi kutoka Nyeri mjini, na wote walitaka kuona mashua kabla ya chakula. Kingori alivaa koti lake la kanisani. Alisimama ukingoni nami kando yake, na alinieleza kila walichokuwa wakifanya majini kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua tanga. Walizunguka mara moja, wakazunguka mara ya pili. Watiri alikaa upande wa juu, mgongo umeegemea nje, kamba ya tanga mkononi, na nywele zimefungwa kwa kitambaa cha manjano. Alikuwa anacheka. Niliisikia hiyo sauti yake juu ya maji, nikaanza kujiambia kwamba labda nimekosea, labda chuma kimekubali.

Upepo ukashuka. Uliona maji yakiwa meusi kutoka ng'ambo, ule weusi ukija mbio. Madam akapiga kelele kumwambia Watiri aachie kamba.

Ile pini ilivunjika kwa sauti niliyoijua. Nimeisikia mara nyingi, patasi inapokatika kwenye jiwe: tak, kavu, fupi. Waya ya kulia ikaruka. Ilipita mkononi mwa Madam Adhis aliyekuwa ameshika usukani, na vidole viwili vikaondoka nayo. Ikaendelea, ikampasua Watiri shavu kutoka kwenye sikio hadi kwenye mdomo. Halafu mlingoti ukaja. Watiri aliuona, akainua bega, na ukampata hapo hapo, ukamkandamiza kwenye ukingo wa mashua. Tanga likawafunika wote wawili. Kitu kilichokuwa kinasogea chini ya tanga kilikuwa kinalia, na nyeupe yake ikaanza kuwa nyekundu sehemu mbili.

Kingori hajui kuogelea. Aliingia na koti na viatu. Maji yalimfika kifuani, halafu kidevuni, na akaendelea kwenda, anakohoa, mpaka upepo wenyewe ukamletea mashua. Akaishika pua akaivuta. Mimi nilikuwa nimeingia hadi kiunoni, nikashika upande wa pili. Tulipofunua tanga niliona meno ya Watiri kupitia shavuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, bega limeshuka chini mahali ambapo bega halipaswi kuwa. Kingori alimbeba, akamlaza kwenye nyasi, akavua koti lililojaa maji akamfunika nalo.

Kisha akasimama, akamgeukia Madam Adhis.

Madam alikuwa amekaa ukingoni, ameushika mkono wake kwa mkono mwingine, damu inatoka kati ya vidole vilivyobaki, uso umepauka. Kingori alimpiga ngumi mdomoni. Akaanguka chali. Akamfuata chini, akamshika shingo.

"Umeniulia mtoto! Wewe na meli yako! Umeniulia Maitu!"

Wanaume wa harusi walisimama wamevaa suti zao, wakitazama. Hakuna aliyesogea. Basi nikachukua kasia. Nimeshusha nyundo kwa ajili ya huyo mtu miaka kumi na moja, mara ngapi sijui, na sijawahi kukosa mahali aliponionyesha. Nilimpiga kwenye mbavu, chini ya kwapa. Nilizisikia zikiachia. Alibingirika kutoka kwa Madam, nikampiga tena pajani, na ningempiga ya tatu. Nasema ukweli: nilitaka ya tatu. Ilikuwa tamu. Kilichonizuia ni kwamba alikuwa akiniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

"Angalia pini!" nikamfokea. "Mbwa wewe! Acha watu, angalia pini yako!"

Nusu yake ilikuwa bado imebaki kwenye kibati. Nikaing'oa, nikamtupia kifuani. Akaiokota. Aliigeuza apate mwanga, pale ilipovunjikia, na hata mimi niliyesimama niliona. Ilikuwa nyeupe kabisa, ya punje punje, inang'aa.

Alikaa kwenye matope, ameifumbata, na hata gari la Mwai lilipokuja kuwachukua Watiri na Madam, ilibidi niende mimi.

Tuliwapeleka hospitali Nyeri. Watiri alifanyiwa upasuaji bega, akawekewa chuma ndani, na shavu likashonwa. Madam Adhis alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto na jino moja la mbele, na siku ya pili akaandikisha taarifa polisi juu ya kipigo alichopewa. Nilimwambia nitakuwa shahidi. Aliniangalia sana, halafu akaniuliza kama kuna kitu kingine ningependa kumwambia. Nikamwambia chote. Aligeukia ukutani. Sijapata jibu lake mpaka leo na sina haki ya kulidai.

Siku ya nne Kingori alikuja wodini. Alikuwa anatembea ameshika mbavu. Mimi nilikuwa nimemletea Watiri uji, nimesimama upande wa pili wa kitanda. Tangu bwawani hatukuwa tumesemezana. Alikaa kwenye benchi, akaangalia bendeji ya shavuni, akaangalia bega, akaangalia miguu yake mwenyewe.

"Maitu," akasema. "Nimekuja kukuambia. Hiyo pini niliharibu mimi. Sikungoja rangi."

Sijawahi kumsikia akikiri kosa, awe amekosea chuma au mtu. Nilifikiri hayo ndiyo magumu zaidi tutakayosikia siku hiyo.

Watiri alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo, polepole.

"Najua, Dad."

"Nani alikuambia? Ni Mama Munene?"

"Hakuna mtu. Nilijua hiyo Monday. Tupa iliteleza ncha zote mbili. Mimi nimekua kwa hiyo karakana, Dad. Nilijua."

Muuguzi alipita na toroli ya dawa, magurudumu yakalia hadi mwisho wa wodi.

"Ulijua," Kingori akasema. "Na ukapanda."

"Nikapanda."

"Mbona haukusema?"

Watiri alifumba macho kidogo. Nilidhani amechoka, nikataka kumwambia Kingori amwache alale.

"Nilifikiria kukuambia," akasema. "Nikafikiria vile uso yako itakuwa. Nikaona afadhali upepo."

Hapo nikasema na mimi, kabla ujasiri haujaniacha, "Hata mimi nilijua, Baba Watiri. Nilisimama hapo nikanyamaza." Niliweka kikombe cha uji chini na kungoja. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akinipiga, nitaanguka na sitainua mkono.

Hakunipiga. Sidhani hata kama alinisikia vizuri. Alikuwa anamwangalia msichana. Mto wake ulikuwa umeteleza, kichwa kimelala vibaya, shingo imepinda upande wa bega lililovunjika. Kingori aliinuka kutoka kwenye benchi, akainama, akanyoosha mkono wake wa kulia ili aurudishe mto mahali pake.

Watiri aliinua ule mkono mmoja uliokuwa unaweza kuinuka, akaufunika uso wake. Alikunja magoti chini ya blanketi. Akafumba macho, akangoja.

Mkono wa Kingori ulibaki hewani juu ya mto. Aliuangalia. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kututazama. Kisha akaurudisha pole pole, akaketi, akauweka juu ya goti lake na kuushika kwa mkono wa pili.

"Mama Munene," akaniambia, "mrekebishie mto."

Nikamrekebishia.